Ile namba ya chini

*Kikundi: Majirani Tabata. Alhamisi jioni*

Mjumbe Kondo: Habari za jioni majirani. Jumamosi kuanzia saa moja na nusu asubuhi tunapima presha pale ofisi ya serikali ya mtaa. Bure. Mabenchi manne nimeshapata. Mwenye swali aulize leo, siku yenyewe kutakuwa na foleni.

Baba Rehema: Mjumbe, swali ninalo. Kijana wa miaka 38 pale gereji mashine imemwandikia 132/97, mapigo 84. Anajigamba ya juu haijafika 140, kwa hiyo yuko salama. Ni hivyo?

Shaban Famasi: Hapana kaka. Mstari ni 140 juu AU 90 chini, ikipimwa kituoni. Moja ikivuka, imevuka. Kwa mashine ya nyumbani mstari unashuka hadi 135 au 85, maana nyumbani mtu ametulia. Huo wa 140/90 ni wa Shirika la Afya Duniani. Wamarekani tangu 2017 wanaanzia 130/80, ndiyo maana mitandaoni watu wanagombana.

Shaban Famasi: Ila kipimo kimoja hakimpi mtu jina la mgonjwa. Gereji ana kelele, katoka kunyanyua injini, kakaa juu ya tairi…

Mama Asha: 😂 juu ya tairi

Baba Rehema: Sasa hiyo ya chini hasa ni nini? Kila mtu anasema "moyo ukipumzika". Kama umepumzika, ina ubaya gani?

Dokta Neema: Hilo neno "kupumzika" ndilo linalopotosha watu, baba.

Moyo ukijikamua, damu inaingia kwa nguvu kwenye mshipa mkuu na mshipa unatanuka. Kilele cha msukumo huo ndiyo namba ya juu. Kisha moyo unalegea ili ujae tena. Damu haisimami hapo: ule mshipa uliotanuka unarudi taratibu na kuendelea kuisukuma mbele, na msukumo unapungua kidogo kidogo. Pale ulipofikia kabla ya pigo linalofuata ndiyo namba ya chini. Kwa hiyo ya chini inakwambia mishipa ina mzigo kiasi gani hata pale moyo usipokamua.

Dokta Neema: Tuangalie muda. Mapigo 75 kwa dakika ni sekunde 0.8 kila pigo. Kukamua kunachukua kama 0.3, kulegea kama 0.5. Sehemu kubwa ya siku mishipa iko jirani na namba ya chini kuliko ya juu. Ndiyo maana wastani wa presha haupatikani kwa kujumlisha mbili na kugawa kwa mbili. Chukua ya chini, ongeza theluthi ya tofauti.

Huyo wa gereji: 97 + (35 ÷ 3) = kama 109.
Mwenye 140/80: 80 + (60 ÷ 3) = 100.

Baba Rehema: Kumbe anayejigamba ndiye mwenye mzigo mkubwa 😳

Dokta Neema: Kwa wastani, ndiyo. Na figo, ubongo na macho vinaishi kwa huo wastani.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Moyo wenyewe unakula wakati huo huo wa kulegea. Ukijikaza unaviminya vijimishipa vilivyomo ndani ya nyama yake, hasa upande wa kushoto. Ukilegea ndipo damu inapita. Ni kama mama lishe: anakula wateja wakipungua, na kama hawapungui anashinda njaa na sufuria mbele yake. Kwa hiyo ya chini ikiwa juu sana, moyo unasukuma dhidi ya mlango mzito na ukuta wake unaongezeka unene. Ikiwa chini sana kwa mtu ambaye mishipa ya moyo imeshaziba kidogo, chakula hakifiki.

Mama Asha: Dokta, kwa nini mwingine inapanda ya chini peke yake na mwingine ya juu peke yake?

Dokta Neema: Umri, kwa sehemu kubwa. Ya chini inategemea zaidi vile vijimishipa vidogo vimebana kiasi gani. Kwa walio chini ya miaka 50 hilo ndilo tatizo la kawaida: uzito umezidi, chumvi, pombe, usingizi mbovu. Ya chini inatangulia, na kwa wengi ya juu hufuata baadaye.

Kwa wazee ni kinyume. Mshipa mkuu umekakamaa, hautanuki tena. Damu ikiingia ya juu inaruka, na kwa kuwa hakuna kilichotanuka cha kurudi na kusukuma, ya chini inaporomoka. Utafiti wa Framingham kule Marekani, ulioanza 1948, ulionyesha mwendo huo: ya juu inapanda maisha yote, ya chini inapanda mpaka miaka ya hamsini halafu inaanza kushuka.

Baba Rehema: Hapo nimekupata. Basi mzee wa miaka 74 mwenye 158/62, dukani wakamwambia ana "presha ya kushuka", anywe soda na alambe chumvi?

Shaban Famasi: Astaghfirullah

Mama Zuhura: Hiyo ni presha ya kupanda, baba. Tofauti ni 96. Kwa mzee, tofauti ikizidi 60 ni alama kwamba mishipa imekakamaa. Ukimlambisha chumvi unampandisha hiyo 158.

Dokta Neema: Shikamoo Mama Zuhura. Ni hivyo hivyo. Mzee huyo anatibiwa, ila polepole, dozi ndogo kwanza. Apimwe amekaa, kisha asimame apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huyo ataanguka chooni usiku. Daktari ajue kabla ya kuongeza dawa. Na kama ana ugonjwa wa mishipa ya moyo na ya chini iko chini ya 60, daktari hakazani kuishusha zaidi. Asiache dawa mwenyewe lakini.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Na binti mwenye 100/58 asiye na dalili yoyote, mwacheni, wengi ndivyo walivyoumbwa. Ikiwa ameshuka ghafla na anaharisha, au ana homa kali, anatoka damu, anazimia, hapo soda haina kazi. Hospitali.

Mjumbe Kondo: Tuje kwenye upimaji wenyewe. Mama Zuhura, vijana watatu watakaosaidia wamo humu. Waelekeze.

Mama Zuhura: Nawaandikia, msije mkaniuliza Jumamosi.

Mkanda kwanza. Chukueni futi ya fundi cherehani, zungusheni mkono katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 22 hadi 32 ni mkanda wa kawaida, 32 hadi 42 mkanda mkubwa. Someni pia alama kwenye mkanda wenyewe, kampuni zinatofautiana. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba zote mbili na mtu anaondoka na ugonjwa asio nao. Hapa mtaani akina mama wenye mikono minene ni wengi, kwa hiyo mkubwa si wa akiba, utafanya kazi kutwa.

Ngozi tupu. Msikunje mkono wa shati ukabana juu kama kamba. Ukingo wa chini wa mkanda uwe vidole viwili juu ya kiwiko.

Mtu akae dakika 5 bila kuongea. Miguu sakafuni, asipande mguu juu ya mguu. Mkono juu ya meza, mkanda ulingane na moyo. Mkono ukining'inia, kila sentimita 10 chini ya moyo mnaongeza kama 8 ya uongo. Chai ya rangi, kahawa, sigara, au kutembea kwa haraka: nusu saa ipite.

Mama Zuhura: Na mgongo uegemee. Mgongo usipoegemea, ya chini peke yake inaweza kupanda kama 6. Mtu wa 86 anakuwa 92. Mjumbe, umesoma hapo?

Mjumbe Kondo: Nimesoma mama… mabenchi

Mama Zuhura: Mabenchi hayana mgongo.

Mama Asha: 🤣🤣

Shaban Famasi: Kutakuwa na mashine ya mshale pia? Maana ile ya kusikiliza ndiyo inayokosewa zaidi kwenye namba ya chini.

Mama Zuhura: Moja, naishika mimi. Kwa faida ya vijana: ukifungua hewa, mshale ushuke 2 kwa sekunde. Mlio wa kwanza ni ya juu, mlio unapopotea kabisa ni ya chini. Ukifungua kwa pupa unapitwa, ya juu inaonekana ndogo na ya chini inaonekana kubwa. Ukikandamiza kwa nguvu kwenye mkono wa mtu kile kipimo cha kusikilizia, mlio unaendelea kusikika hata pale ulipopaswa kuisha, na ya chini inatoka ndogo kuliko ilivyo. Halafu alama za mshale zinakwenda 2, 4, 6, 8. Anayeandika 85 amebuni.

Dokta Neema: Nimecheka lakini ni kweli tupu. Ya umeme nayo haisikilizi milio. Inahisi mtikisiko wa damu kwenye mkanda, inapata wastani, kisha inakokotoa hizo mbili. Mtu akiongea, akitikisika, au moyo wake ukipiga ovyo ovyo, hesabu inaharibika. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio mpelekeni kwa Mama Zuhura. Za kufunga kifundo cha mkono ziacheni nyumbani.

Pimeni mara mbili, dakika 1 katikati. Zikitofautiana sana, ya tatu. Andikeni zote, msichague nzuri.

Baba Rehema: Na huyu wa gereji akikutwa tena na tisini na kitu?

Dokta Neema: Nyumbani siku 7, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili. Siku ya kwanza aitupe, zilizobaki atoe wastani. Ya chini ikibaki 85 kwenda juu, aende kituo cha afya, si duka la dawa. Kwa umri huo watamwangalia mkojo kama una protini, figo, sukari, mafuta kwenye damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Aulizwe pia kama anakoroma na kukata pumzi usingizini. Wakoromaji wengi wana presha isiyoshikika mpaka usingizi utibiwe.

Shaban Famasi: Na aulizwe anameza nini. Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku kwa ajili ya mgongo zinapandisha. Dawa za mafua za kuzibua pua, prednisoloni, baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango pia. Mara nyingi kazi ya kwanza ni kuondoa kidonge.

Dawa ya kushusha ya chini peke yake haipo, msidanganywe. Amlodipini, losatani, za kukojoza, zote zinashusha zote mbili. Amlodipini inataka wiki moja na zaidi kuonyesha nguvu yake, anayepima siku ya pili na kudai haifanyi kazi amewahi. Miguu ikivimba nayo, arudi abadilishiwe. Kikohozi kikavu kwa enalapili au kaptopili, vivyo hivyo.

Na ile ya kuweka nifedipini chini ya ulimi presha ishuke "fasta": inashuka kweli, ghafla, na ubongo na moyo vinakosa damu. Usifanye.

Mama Asha: Rosela je? Sokoni wanasema inatibu.

Shaban Famasi: Inashusha kidogo, dada. Si badala ya dawa. Na ile ya sukari vijiko sita haishushi kitu.

Mama Asha: Chumvi?

Mama Zuhura: Chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo mna kila kitu: ya ugali wa mgahawa, ya chipsi, vile vipande vya kuunga mchuzi, ng'onda. Ng'onda loweka, mwaga maji, loweka tena. Ndimu na pilipili kwenye kachumbari zinatosha. Akipunguza uzito, kila kilo 1 ni kama 1 kwenye presha. Aongeze mchicha, maharage, ndizi, isipokuwa mwenye figo mbovu aulize kwanza.

Baba Rehema: La mwisho. Kuna ripoti ya eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, imeandika moyo una shida "ya dayastoli, gredi 1". Ndiyo hii hii namba ya chini?

Dokta Neema: Sivyo, ingawa jina moja linazichanganya. Namba ya chini ni msukumo ndani ya mishipa. Eko inasema moyo wenyewe umekuwa mgumu na unajaa kwa shida. Mtu anaweza kuwa na 130/76 na bado eko ikaandika hivyo. Gredi 1 kwa mtu wa miaka 65 ni ya kawaida sana, si hukumu. Zikiongezeka kuhema akipanda ngazi, miguu kuvimba, kushindwa kulala bila mito mitatu, hapo apewe rufaa, hata hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Mama Zuhura: Vijana, viwili vya kuita watu wazima mara moja. Mjamzito mwenye ya chini 90 au zaidi, msimruhusu aende nyumbani bila kuonana na mimi. Ikifika 110, au kichwa kinamuuma na anaona ukungu, anaondoka saa hiyo hiyo. Na yeyote mwenye 180 juu au 120 chini: mtulizeni, rudieni baada ya dakika 5. Ikibaki hapo na kifua kinauma, anahema, mdomo umepinda au mkono umelegea, ni hospitali ya Amana moja kwa moja. Asiye na dalili aonane na daktari siku hiyo hiyo, bila kumtia hofu, maana hofu nayo inapandisha.

Mjumbe Kondo: Nimeelewa. Mabenchi narudisha. Nakodi viti vya plastiki vya shughuli, vya mgongo, 20. Meza mbili. Kingine?

Mama Zuhura: Choo kifunguliwe mapema. Kibofu kikijaa namba zinapanda zote.

Mjumbe Kondo: Ufunguo wa choo anao nani?

Mama Asha: Ninao mimi. Saa moja kamili nitakuwa hapo.