Mpwa wangu anarusha mpira balaa ila mkono naona kama unamuuma, nifanyeje?

mjomba_wa_lindi
Wakuu habari za muda huu. Nina mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Lindi, miaka 15, mrefu na mikono mirefu kunishinda, mashindano ya shule huwa anarusha mkuki. Sasa kuna mwalimu mgeni kaja na glavu na mipira ya besiboli anafundisha vijana jioni, dogo siku ya kwanza tu karusha, mdakaji kavua glavu anapuliza kiganja. Basi mtaani ikawa Marekani Marekani. Anarusha kila siku mpaka giza liingie, na wiki hii naona ndoo anabeba kwa kushoto wakati yeye ni wa kulia, nikimuuliza "hamna kitu mjomba". Halafu kuna jamaa kanitafuta WhatsApp anajiita wakala, anataka laki tatu ya "usajili wa majaribio". Mwenye uelewa anisaidie, mimi najua Simba na Yanga tu.

korosho_ghafi
Mwambie wakala utamlipa kwa korosho na mnada bado, utaona anavyopotea 😂

Mdakaji_Mstaafu
Mkuu mimi nimecheza Dar enzi za shule, pale Azania wana mpaka uwanja wa besiboli, Wajapani walisaidia. Hiyo ndoo ya kushoto ndo habari yenyewe, Marekani weka pembeni kwanza. Mbonyeze kiwiko upande wa ndani, ule unaogusa mbavu akiteremsha mkono, akishtuka asirushe chochote, hata jiwe la kutungulia embe, mpeleke hospitali ya Sokoine wamcheki. Umri huo mifupa ya kiwiko inakuwa bado inakua na ndo inaumia kabla ya vingine. Ikija kukatika ile kano ya ndani ni upasuaji wanaouita Tommy John, jina la mchezaji wa kwanza kufanyiwa, 1974, na mpaka leo anayefanyiwa anakaa nje mwaka na zaidi.

Marekani kwenyewe wana mwongozo, miaka 15 na 16 mwisho mipira 95 kwa siku, na ukishafika 76 unapumzika siku nne, ukirusha 31 mpaka 45 unapumzika moja. Na kila mwaka miezi isiyopungua minne hakuna kurusha kwenye mechi, na ndani yake miwili mpaka mitatu mfululizo hakuna kurusha kabisa. Sasa huyo wenu kila siku mpaka giza nani anahesabu?? Na mkuki nao ni kiwiko hichohicho, hesabu pamoja.

Mwl_wa_Masasi
Hapo kwenye mkuki msimdharau dogo, Wahindi wawili Rinku Singh na Dinesh Patel walikuwa warusha mkuki, 2008 wakasainiwa na Pittsburgh Pirates, timu ya Marekani, ila ligi kuu hawakufika. Jirani zetu Waganda nao, Ben Serunkuma na Umar Male walisainiwa na Dodgers, timu ya Los Angeles, 2022. Kwahiyo njia ipo ila nyembamba, na timu ikikutaka yenyewe ndo inakulipa, haikudai laki tatu.

Kasi unaweza kupima mwenyewe akishapona. Kutoka jukwaa la mrushaji mpaka bamba, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, toa hatua yake inabaki kama 16 na nusu. Mrekodi kwa slomosheni uhesabu muda toka mpira unatoka vidoleni mpaka unagonga glavu, ikiwa nusu sekunde ni kama kilomita 120 kwa saa. Wa ligi kuu Marekani wanacheza kwenye 150. Ila skauti, yule anayetafutia timu vipaji, hatazami namba peke yake, anatazama umbo, na kama mrusho wa arobaini unafanana na wa kwanza au mwili umeshaanza kuyumba.

mjomba_wa_lindi
Nimembonyeza. Karuka utadhani kapigwa shoti. Kesho asubuhi Sokoine, na mwalimu nimeshamwambia, kaelewa. Wakala nimemuuliza anatoka timu gani kanibloku. Akikaa nje si atasahau?

Mdakaji_Mstaafu
Hasahau. Kasi inaanzia miguuni na kiunoni, mkono unamalizia tu, akimbie, afanye skwati, daktari akiruhusu. Na akae na mpira mkononi ajifunze kuushika, hasa kwa mrusho wa kudanganya kasi, mkono unaenda vilevile ila mpira unachelewa kufika. Mambo ya kupindisha mpira mwalimu aachane nayo kwa sasa.

Mwl_wa_Masasi
Na cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, kusaini ni kuanzia miaka 16 na umri wanauchunguza kweli kweli

mjomba_wa_lindi
Duh. Shuleni kaandikwa mdogo kwa mwaka mmoja kuliko cheti 😬

Mwl_wa_Masasi
Cheti ndo kinachotazamwa, karekebishe shuleni sasa hivi kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, ukichelewa utazunguka ofisi mpaka dogo aote ndevu.