Kama machungwa hayatozwi ushuru, Forodha wana kazi gani mpakani?

Mnunuzi wa Muheza
Asalaam alaykum ndugu zangu. Ninanunua machungwa mashambani Muheza na kuyapeleka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro. Kwa kuwa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na machungwa yetu hayatozwi ushuru wa forodha yakiingia Kenya, naomba kueleweshwa kwa nini gari langu linasimamishwa na kudaiwa karatasi kama lililobeba mzigo wa ng'ambo. Kazi ya Forodha si kukusanya kodi?

Wakala wa Forodha, Tanga
Waalaykum salaam. Kukusanya kodi ni sehemu tu ya kazi yao. Nafuu unayoitaja si ya kila kinachovuka mpaka, bali ni ya bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, na mwenye mzigo ndiye anayetakiwa kuthibitisha hivyo. Machungwa hayana utata, lakini fikiria mchele: gunia likishashonwa, ule wa Korogwe na ule wa Pakistani huwezi kuutenganisha kwa macho, ilhali wa pili unadaiwa ushuru mkubwa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, unapewa palepale mpakani cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuthibitisha mzigo ulikozalishwa. Kwa kuwa kituo cha mpakani ni cha pamoja, ukielekea Kenya taratibu za kutoka na za kuingia unazimaliza Lunga Lunga, upande wa Kenya, ambako ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na mwenzake wa Kenya wako chini ya paa moja.

Mkazi wa Pangani
Naomba kuongeza upande wa bahari, kwa sababu huku ndiko kazi hiyo inakokuwa ngumu zaidi. Katika bandari bubu, yaani zisizo rasmi, mashua huingia usiku maji yakijaa, wachukuzi wakapokea madumu ya mafuta ya kula wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni, na kabla ya alfajiri mzigo uko njiani bila yeyote kuupima wala kuukagua. Anayeumia ni mwenye duka aliyelipia ushuru, pamoja na mlaji asiyejua anachokula. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inamruhusu ofisa kupekua chombo na kukamata mzigo wa magendo, na chombo chenyewe kinaweza kutaifishwa. Naunga mkono ukali huo, ila naamini mialo (sehemu za pwani vinapotia nanga vyombo vidogo) mingi zaidi ingerasimishwa, wenye vyombo vidogo wangepata mahali pa karibu pa kutoa tamko la mizigo yao.

Mnunuzi wa Muheza
Nashukuru sana. Je, cheti cha afya ya mimea nacho hutolewa na Forodha?

Wakala wa Forodha, Tanga
Hapana. Hicho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kama ambavyo pasipoti yako ni kazi ya Uhamiaji. Forodha huuzuia mzigo mpaka taasisi husika iridhike. Omba cheti hicho kabla ya kupakia, maana ukikikosa mpakani machungwa yataharibikia garini.