Nimeumbuliwa kwenye grupu la wakulima mbele ya watu 400, nijibu au ninyamaze?

Mama Viazi Isyonje
Habarini humu, wakubwa shikamooni. Mimi nalima viazi mviringo huku Isyonje, njia ya Tukuyu, na ni adimini wa grupu la WhatsApp la wakulima. Tulianza watu 30 tu tunaojuana, sa hivi tumepita 400, wapo wa Umalila, Makete mpaka Njombe.

Mwezi wa kwanza mvua ilivyochanganya watu wakaanza kutuma picha viazi vimelala, majani yamenyauka, mi nikaona ni ukungu tu kama miaka yote, nikarusha voisi ya dakika tatu kwamba pigeni dawa ya ukungu mara mbili kwa wiki msisubiri. Watu wakapiga, wengine hela ya dawa walikopa. Viazi vikaendelea kufa.

Basi akatokea baba mmoja, aliwahi kuwa bwana shamba, akaandika palepale kwamba huo ni mnyauko wa bakteria, hakuna dawa ya ukungu inayoutibu, na huyu mama anawamalizia hela zenu, tapeli. Neno lenyewe ndo hilo, tapeli. Mi niko sokoni Mwanjelwa nashusha mzigo, simu inalia mfululizo, nimeshikana na dalali kwa ajili ya lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, hasira zikanipanda nikamtoa kwenye grupu na meseji zake nikazifuta zote. Kumbe watu walishapiga skrinishoti zamani. Zimezunguka magrupu mengine na Facebook, na picha yangu ya profaili juu yake. Hata kibanda cha chai nikiingia maongezi yanakatika.

Mume wangu anasema nyamaza itapita. Mdogo wangu wa mjini anasema twende polisi, kuna sheria ya mtandao. Mi sijalala siku ya nne leo. Na niseme tu kwa vile hapa hamnijui, naona yule baba kwenye ugonjwa yuko sahihi. Nifanyeje?

Mporoto_baridi
Pole sana mama. Usione tu, hakikisha kwanza. Nenda shambani kata shina la mche ulionyauka karibu na udongo, kipande cha kama kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi usiitikise. Ukiona baada ya dakika chache unashuka uziuzi mweupe kama maziwa basi ni mnyauko wenyewe. Bakajani chelewa, huo mnaoita ukungu, unaanza na madoa meusi kwenye jani kama yamelowa, na asubuhi yenye umande ukigeuza jani chini unakuta kama unga mweupe. Mancozeb, dawa ya ukungu, inakinga huo wa pili tu, na hata huo hautibu jani lililokwisha kuoza. Utajibuje watu wakati hujajua umekosea nini.

Kijana wa Kabwe
Mi naona mnamdekeza. Mtu kasema ukweli unamtoa nje na maneno yake unafuta, halafu unashangaa watu wanakuita tapeli? Ungemwacha angeonekana mkali tu ikaisha, ulivyomfuta ndo watu wakajua kuna kitu kinafichwa. Halafu swali moja, hiyo dawa watu walinunua duka gani?

Mama Viazi Isyonje
Mporoto nimefanya jioni hii kwa miche mitatu. Yote imetoa maziwa. Nimekaa chini pale kwenye tuta nikalia, sio kwa ajili ya yule baba tena, kwa ajili ya wale waliokopa.

Kabwe umenichoma lakini haya. Duka ni la rafiki yangu Uyole, nilitaja jina lake kwenye voisi. Sijalipwa hela, ila nikimpelekea wateja na mimi ananipunguzia bei ya dawa zangu. Sikuwahi kuliona ni jambo.

Kijana wa Kabwe
Ehee, tapeli imetokea hapo. Mama sikutukani, ila hilo la duka liseme kwa mdomo wako kabla yule mzee hajalisikia kwa mwingine.

Wakili wa Mtaani (sina ofisi jamani)
Kuhusu polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, kifungu cha 16 ni taarifa za uongo na cha 23 ni unyanyasaji wa mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Lakini kifungu cha 16 kinataka mtu awe anajua kuwa ni uongo. Yeye alisema dawa ya ukungu haitibu mnyauko, na umepima mwenyewe umeona ni mnyauko. Kesi ya kashfa nayo ukweli ni utetezi. Umebakiwa na neno tapeli tu, na ukilifikisha mbele ya hakimu swali la kwanza ni lile la Kabwe, punguzo dukani. Mi nisingethubutu.

Mhehe wa Ipogolo
Kamwene wote. Mama nakuelewa sana, mi yalinikuta kwenye grupu la watu wa mbao Mafinga, nilitangaza bei ambayo haikuwa, watu wakasafirisha mzigo wakala hasara. Nilichofanya ni kumjibu kila mtu mmoja mmoja, nikakesha mpaka saa nane usiku naandika tu, asubuhi nikakuta nimegombana mpaka na waliokuwa wananitetea. Kwa hiyo andika mara moja tu, usiandikie sokoni na usiandikie usiku.

Na sio kuandika, tuma voisi. Uliwapotosha kwa voisi na wengine humo kusoma ni shida, uliyesikika kwa sauti ukisahihisha kwa maandishi ni sawa na hujasahihisha. Sentensi ya kwanza iwe kosa lenyewe, niliwaambia pigeni dawa ya ukungu na ugonjwa ni mnyauko wa bakteria. Usianze na nimeumia sana, na ile "samahani kama kuna aliyekwazika" ndo kabisa, mi nikiisikia natamani kurusha simu. Kisha duka. Kisha la kufanya shambani, maana wao wanataka hilo kuliko machozi yako.

Yule baba mrudishe kundini kabla ya voisi aisikie na masikio yake, na mpigie kwanza usimwombe afute chochote. La tapeli liache kando siku hiyo. Hilo tafuteni mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, mwenyekiti wa kijiji au mzee wa kanisa, mkae mezani mle hata ndizi. Ukilichanganya na la ugonjwa watu watasikia ugomvi tu, viazi watasahau.

Mama Viazi Isyonje
Ndaga fijo, asanteni sana. Narudi kuwapa habari. Nilimpigia jana mara mbili hakupokea, ya tatu akapokea, kimya. Nikamwambia baba shikamoo, nimepima, ulisema kweli na nilikosea kukutoa. Akajibu marahaba, halafu akaniuliza nimepima miche mingapi. Hiyo tu! Nikasema mitatu akasema ongeza.

Voisi nimetuma leo saa kumi na mbili asubuhi watu wakiwa hawajaenda shamba. Duka nimelitaja, rafiki yangu kaninunia. Watatu wametoka grupu, mmoja kaniambia nimrudishie elfu themanini ya dawa na sijui nimjibu nini. Yule baba kaingia akasikiliza, hakunisifu hakunitukana, kaongeza tu kwamba waing'oe miche migonjwa na udongo wa shinani, majembe yaoshwe kabla ya kuingia shamba lingine, na msimu ujao pale wapande mahindi au ngano, sio viazi wala nyanya. Skrinishoti bado zinazunguka.

Mporoto_baridi
Huyo wa elfu themanini mpigie usimwandikie. Lakini mama kuna kitu hujasema, wewe si unauzaga na mbegu? Mnyauko unasafiri ndani ya kiazi, kinaweza kuonekana kizima kabisa kwa nje.

Mama Viazi Isyonje
Gunia nne. Za shamba lilelile, nimeshapokea advansi ya mtu wa Makete na lori linapanda Ijumaa. Ngoja nimpigie sasa hivi kabla hajalala.