Mrejesho: maji ya mlimani na ya bati, nje ya Dodoma

Wakuu, mgeni wenu wa kijijini chini ya kilima, niliyeuliza kuhusu kuvuna maji ya bati na kuzuia yale ya mlimani, nimerudi. Asanteni sana.

Gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati) yenye mteremko wa sentimita 1 kila mita 2 imekubali: bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10, karibu lita 500 kwenye simtanki. Maji ya kwanza mwageni. Vumbi la kiangazi la huku si mchezo.

Mtaro wa kuzuia maji ya mlimani umefeli nusu. Niliuchimba ukifuata mteremko, maji yakaula, sasa ni kakorongo. Aliyesema mtaro ukingame, ukate mteremko, udongo uwekwe upande wa chini, alikuwa sahihi. Naurudia. Mwenyekiti wa kitongoji mwoneni kabla ya kuchimba, awaonyeshe pa kutolea maji yasiingie shamba la jirani.