Katoka soba hausi akiwa safi, kete moja ya heroini ikamzima: tuwaambie nini familia?

MsaidiziTanga
Wakuu, salaam. Nasaidia kwenye nyumba ya upataji nafuu (soba hausi) hapa Tanga. Vijana wengi ni wa unga (heroini), wachache wa pombe, na wapo wanaochanganya vyote na vidonge. Wanakaa miezi minne hadi sita, wananawiri, wanarudi kwao. Kwenye kikao cha mwisho na wazazi tunaongelea marafiki, kazi na ibada. Ovadozi, yaani kuzidiwa na dawa, haitajwi kabisa, kwa sababu uongozi unaona ni kumtabiria mtu mabaya.

Nataka niandae karatasi moja ya kuwapa wazazi. Kwanza, kwa nini mtu aliyekaa safi afe kwa kiasi ambacho zamani hakikumtosha hata kutoa arosto (maumivu ya kukosa unga)? Pili, akizima (akipoteza fahamu) nyumbani na usafiri bado, kinachosaidia ni nini hasa? Huku kwetu watu wanamwagia maji, wanamnywesha maziwa. Tatu, wa pombe tuwaweke kwenye karatasi hiyohiyo au wana yao?

NesiMethadoni
Mkuu, swali la kwanza ndilo uti wa mgongo wa karatasi yako, kwa hiyo nalianza mimi.

Unga unakandamiza sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Anayetumia kila siku, ubongo wake hujirekebisha, ndiyo maana anabeba kete nyingi na bado anatembea. Akiacha, yale mazoea yanaanza kushuka ndani ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa mwili wake unakaribia wa mtu asiyewahi kugusa. Kumbukumbu ya kiasi haishuki. Anarudi maskani na hesabu ya zamani kwenye mwili mpya.

Kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka mahali alipokuwa amezuiwa, na bado iko juu kwa mwezi mzima. Andika wazi: soba hausi, gereza, mahabusu, wodi aliyolazwa kwa ajali, hata mfungo wa Ramadhani kama aliacha kweli. Na kumbuka unga wa mtaani hauna kipimo. Kete za leo na za miezi mitano iliyopita zinaweza kulingana kwa ukubwa na zikapishana mbali sana kwa nguvu.

Walio kwenye methadoni, dawa inayonywewa kliniki kila siku badala ya unga, wana mitego yao. Wiki mbili za kuanza dawa ni nyeti, kwa sababu methadoni inajilimbikiza mwilini siku hadi siku. Tunaanza na miligramu 30 au chini ya hapo. Mgonjwa anaona hajashiba, anaongezea kete na vidonge vya kulala, na siku ya tatu au ya nne, dawa ikiwa imeshapanda, ndipo anazima. Mtego mwingine ni kukosa kliniki siku tatu mfululizo kisha kutaka dozi yake ya zamani. Dozi hiyo lazima ishushwe, na akiificha siku alizokosa anajihatarisha mwenyewe. Wa tatu hausemwi sana: mgonjwa wa TB anayetumia rifampisini. Dawa hiyo inamaliza methadoni haraka mwilini, kwa hiyo dozi hupandishwa. Akimaliza miezi yake sita ya TB na methadoni ikabaki palepale juu, baada ya wiki moja au mbili inakuwa imemzidi. Mwambie akitaja kuwa amemaliza TB siku hiyohiyo.

MtaaniKisauni
Naongezea hapo kwa vidonge. Huku Mombasa wanaozima kwa unga peke yake si wengi kama wanaozima kwa unga juu ya vidonge vya usingizi kama bugizi, au valiamu, au chupa ya pombe kali. Vyote vinavuta pumzi chini kwa njia tofauti, na vikikutana havijumlishwi tu. Mtu anaweza kumeza kiasi cha kawaida cha kila kimoja akafa. Kwa familia sentensi moja inatosha: akirudi amelewa na anasinzia, asiachwe alale peke yake chumba kimefungwa.

DaktariZamu
Swali la pili. Fundisheni kwanza kuitambua ovadozi, maana wengi hufia kitandani huku nyumba nzima ikidhani amelala. Aliyejidunga anaweza kuzima ndani ya dakika, lakini wengine huzama taratibu kwa saa moja hadi tatu. Dalili ya kuogopa ni mkoromo mzito wa kukwama kama maji kooni. Huo si usingizi mzuri, ni njia ya hewa inayoziba. Hesabu pumzi: chini ya 8 kwa dakika ni hatari kubwa, na hata chini ya 12 usiondoke. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwa ngozi nyeusi rangi ya bluu haionekani vizuri usoni, angalia ndani ya midomo, ufizi na kucha: vinakuwa vya kijivu.

Mwite jina kwa sauti, sugua mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, mmoja atafute usafiri au apige simu, mwingine aanze kazi. Mlaze chali, toa kitu kilichomo mdomoni, rudisha kichwa nyuma na inua kidevu. Bana pua, pulizia pumzi mbili, kisha moja kila sekunde tano, na kila mara uone kifua kinapanda. Kisipopanda, kichwa hakijarudi nyuma vya kutosha. Kinachomuua ni ukosefu wa hewa, kwa hiyo kumpulizia tu kunaweza kumfikisha hospitali akiwa hai. Akiacha kabisa kupumua na huoni dalili yoyote ya uhai, sukuma kifua mara 30, pumzi 2, rudia. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika yasiingie mapafuni.

Maziwa hapana. Mtu asiyejitambua hamezi, maziwa yanakwenda mapafuni. Maji ya chumvi mshipani, maji ya baridi, makofi, kumtembeza uwanjani: vyote vinakula zile dakika za kumpulizia.

Naloksoni, inayoondoa nguvu ya unga kwa muda, ndiyo dawa yenyewe. Kichupa cha kawaida ni miligramu 0.4, huchomwa kwenye msuli wa paja au bega, hata juu ya nguo. Endelea kupulizia, baada ya dakika 2 au 3 kama hapumui vizuri, rudia. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri wanaoweza kumkuta mtu amezima wawe nayo na wafundishwe kuitumia. Kwetu mara nyingi iko hospitali kubwa na kliniki za methadoni, kwa hiyo ulizeni sasa ilipo, msisubiri usiku wa tukio. Mtego wake ni muda: inafanya kazi dakika 30 hadi 90 tu. Akiamka ana arosto kali, ana hasira, anataka kukimbilia kete nyingine. Naloksoni ikiisha, unga uliobaki unamzamisha tena. Akae chini ya macho ya mtu angalau saa mbili, na kama alikunywa methadoni basi hospitali hata kama anaongea vizuri.

Haifanyi kazi kwa pombe wala valiamu. Lakini haina madhara kwa asiye na unga, kwa hiyo ukiwa na shaka, choma.

MsaidiziTanga
Shukrani sana daktari. Na wa pombe?

DaktariZamu
Karatasi tofauti. Kwa unga, kuacha ghafla ni mateso lakini mara chache kunaua, labda kuhara na kutapika kumkaushe maji. Hatari iko kwenye kurudi. Kwa mlevi wa kila siku, kuacha ghafla kwenyewe kunaweza kuua. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Kuchanganyikiwa, kutetemeka, kuona visivyokuwepo na homa huja saa 48 hadi 96. Kumfungia chumbani siku tatu mkimwombea ni kumfungia hasa katika muda huo. Wa namna hii aanzie hospitali: diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku chini ya usimamizi, na thiamini (vitamini B1) miligramu 100 kila siku kwa siku 5. Thiamini itangulie dripu ya glukosi, la sivyo ubongo unaweza kuumia.

Gongo ina jambo lake. Akiamka kesho yake anaona ukungu au tumbo linamsokota, ni hospitali saa hiyohiyo, macho yanaweza kupotea.

MsaidiziTanga
Uongozi utaniuliza: kumweleza kijana haya si kumpa ruhusa ya kurudi?

NesiMethadoni
Waulize wao ni wangapi waliorudi bila kuelezwa. Kurudi ni sehemu ya ugonjwa huu, na aibu ndiyo inayompeleka mtu akajifungie chooni peke yake, mahali ambapo hakuna wa kusikia mkoromo.

Kwenye kikao cha mwisho, mbele ya mzazi, mwambie kijana mambo haya kwa lugha ya mtaani: kiasi chako cha zamani sasa kinaua, usichanganye na pombe wala vidonge, usiwe peke yako, ukiteleza, sema siku hiyo, hutafukuzwa. Hilo la mwisho mzazi aahidi kwa mdomo wake. Kisha chagueni mtu mmoja wa kupigiwa simu usiku, na mwandike siku zenye mtihani: siku ya mshahara, msiba, harusi, kugombana na mke.

Kwa wa unga, msimalize bila kutaja methadoni. Muhimbili walianza 2011, na sasa kliniki zipo mikoa kadhaa. Aliyerudi mara mbili tatu baada ya soba hausi anakuwa salama zaidi akikaa kwenye dawa kwa muda mrefu kuliko akizungushwa tena mzunguko uleule, kwa sababu kila mzunguko unamshusha mazoea upya. Najua nyumba nyingi hazipendi kusikia hivyo.

MtaaniKisauni
Na polisi je? Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wenzake wakimbie wamwache. Waambie hata wakikimbia, wamlaze ubavu kwanza na wabishe mlango wa jirani.