Waya unakatika kila mara: kebo mpya, adapta ya USB au kadi ya PCIe?

mkaaji_manyatta (Kisumu)
Wadau, salamu. Kompyuta ya mezani ya Windows 10 iko mita 22 kutoka kwa ruta, kebo inapita darini. Intaneti hukatika, kisha ikirudi inasoma 100 Mbps ilhali kifurushi ni kikubwa zaidi. Simu kwenye WiFi haina shida. Kati ya kebo mpya, adapta ya mtandao ya USB na kadi ya PCIe (kadi ya mtandao inayochomekwa ndani ya kompyuta), nianze na ipi?

waya_nakuru
Kebo, bila shaka. Hiyo 100 ndiyo dalili yenyewe. Gigabiti (1 Gbps, yaani 1000 Mbps) hutumia nyuzi zote nane, lakini 100 Mbps huhitaji nne tu: pini 1, 2, 3 na 6. Uzi mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 ukilegea, ruta na kompyuta hushuka hadi 100. Wakati mwingine mawasiliano hukatika kabisa kwanza, yaani hicho unachokiona.

Lakini usinunue kitu leo. Peleka kompyuta kando ya ruta, iunge kwa kebo fupi iliyo nzima. Fungua PowerShell, andika `Get-NetAdapter`, usome safu ya LinkSpeed. Ikisema 1 Gbps, tundu la kompyuta ni zima. Ikibaki 100 Mbps, jaribu tundu jingine la ruta, kwani zipo ruta zenye matundu ya 100 pekee. Hapo hata kebo ya dhahabu haitasaidia.

koleo_na_testa (Kakamega)
Nakubaliana, ila angalia kebo unayouziwa. Sokoni zimejaa za alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika upesi zikikunjwa, ukinzani wake ni mkubwa, na hazitimizi kiwango cha Cat5e (daraja la kebo za mtandao) hata kama zimeandikwa hivyo ubavuni. Kwangua uzi kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini hung'aa nyeupe. Pia boksi la alumini ni jepesi mno mkononi.

Cat5e ya shaba tupu inatosha. Gigabiti hufika mita 100. Usilipie Cat7 kwa nyumba. Kata mita 25 upate ziada ya kubana vichwa upya.

Kubana, pande zote mbili mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue jozi zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa cha RJ45 ili meno yalishike. Ganda likibaki nje, nyuzi ndizo zinabeba uzito wote, na baada ya muda, uzi mmoja hutoka. Darini usiifunge pamoja na nyaya za umeme; zikikutana, zipishane kama msalaba.

usb_tatu
Adapta isidharauliwe. Radi ikiua tundu la mtandao la ubao mama, ndiyo dawa ya haraka, na ukanda huu wa ziwa una radi nyingi. Chagua yenye chipu ya RTL8153 au AX88179, uichomeke kwenye USB 3.0. Kwenye USB 2.0 kikomo ni 480 Mbps, na kasi halisi huwa chini ya hapo. Jihadhari na zile za bei ya kutupa: nyingine ni USB 1.1 kwa ndani, 12 Mbps basi.

PCIe ni imara zaidi kwa kompyuta isiyohamishwa. Kwa zile nyembamba za mitumba za ofisi, hakikisha kadi ina bati fupi (kipande cha chuma kinachoishikilia nyuma ya kompyuta), la sivyo haitaingia.

mgeni_kericho
Na zile za kupitisha intaneti kwenye soketi za umeme?

waya_nakuru
Za mwisho kabisa kwangu. Adapta zake mbili, ya upande wa ruta na ya upande wa kompyuta, lazima ziwe kwenye mita moja ya umeme, zichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni yenye kinga ya umeme hufyonza mawimbi yake.

mkaaji_manyatta
Nimepima. Kebo fupi: 1 Gbps, haikatiki. Kebo ya darini ikisumbua, `ipconfig` huonyesha anwani ya 169.254.

koleo_na_testa
Anwani hiyo kompyuta hujipa yenyewe inapokosa jibu la ruta. Kwa kuwa kebo fupi inafanya kazi, adapta na kadi ziache dukani.

Kwanza kata sentimita 5 kila upande, ubane vichwa vipya. Testa (kifaa cha kupima kebo) iwashe taa 1 hadi 8 kwa mfuatano pande zote; itikise kebo huku ukitazama. Taa ikiruka, vuta kebo mpya. Zikiwaka zote na bado inakatika, ingia Device Manager, kwenye kadi ya mtandao zima Energy Efficient Ethernet (mpangilio wa kuokoa umeme), kisha uondoe alama ya kuruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme.

Mvua ya radi ikianza, chomoa kebo na plagi ya ruta, vyote viwili.