Yah: Neno la Kilatvia “nederīga” kwenye barua ya TUA (kibali cha ukaazi wa muda)

Ndugu zangu, salaam. Ofisi inayoshughulikia TUA yangu imeniandikia kwamba hati yangu ya bima ni “nederīga”, ilhali bima yenyewe haijaisha muda wake hadi Desemba. Kamusi inalipa neno “derīgs” (yaani bila “ne-” ya kukanusha) maana mbili, halali na -enye kufaa. Je, wanasema bima imekufa, au i hai ila haifai kwa maombi yangu?
(Riga)

Pole sana, kaka. Neno hilohilo niliambiwa dirishani nilipopeleka leseni yangu ya udereva ya nyumbani, na nilipombana karani alininyooshea kidole kwenye tarehe iliyokwisha kupita. Maana yake imeisha muda. Kata bima nyingine upumzike.
(Liepāja)

Kaka wa Liepāja, tafadhali usimpotoshe mwenzio. Neno hili halihusu tarehe peke yake: mtu asiyefaa jeshini kiafya huitwa “nederīgs dienestam”, na madini yenye manufaa huitwa “derīgie izrakteņi”, ambayo hayana tarehe yoyote. Ingekuwa ni muda, ningetarajia “beidzies termiņš” (muda umekwisha), na kwa lugha ya kisheria “nav spēkā” (haina nguvu). Halafu wale wanaoandika “polise nederīgs” humu waache, kwani “polise”, yaani hati ya bima, ni nomino ya kike na kivumishi chake huishia na -a.
(Jelgava)

Dada, tarehe usizidharau, kwa maana hata muda wa chakula dukani huitwa “derīguma termiņš”. Ila mtofautishe “ieteicams līdz” (inapendekezwa hadi), ambayo ni ushauri tu, na “izlietot līdz” (tumia hadi), ambayo ikipita chakula hakiliwi. Biskuti zilizopita “ieteicams” mimi nazila bila wasiwasi. Hapo ndipo ninapoyakumbuka maziwa ya mgando ya kwetu, ambayo kadiri yanavyochachuka ndivyo yanavyonoga. Hii kefīrs ya huku inajitahidi tu.
(Ventspils)

Tumeacha bima tumeingia kwenye maziwa. Kaka wa Riga, hebu tuandikie sentensi nzima. Neno likifuatwa na “līdz” na tarehe, wanazungumzia muda. Likifuatwa na jina la shughuli, kama “darbam”, yaani kwa kazi, wanazungumzia kufaa. Linafuatwa na nini?
(Jelgava)

Linafuatwa na nukta, dada, kisha sahihi ya ofisa.
(Riga)